Paka anasingiziwa manyoya, balaa liko kwenye mchanga

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari mitatu sijui minne, kwamba watoto wanaweza kuokota maradhi kwa paka wa nyumbani, basi nimekoma, simu haijapumzika tangu siku iyo. Nimeulizwa mpaka kwenye msiba. Kwa iyo leo ukurasa mzima ni paka tu, wa vidonda vya tumbo na presha mniwie radhi tutakutana toleo lijalo. Barua nimezipunguza urefu ila maneno ni yenu.

Dokta shikamoo. Kijana wangu wa miaka 7 aling'atwa mkononi na paka shume ambaye sio wetu, alikuwa anamtoa kwenye banda la kuku. Vitundu viwili vidogo tu, damu haikutoka sana. Bibi yake akampaka tumbaku na mafuta ya taa. Ni siku ya 4 leo, mkono umevimba kidogo. Niendelee kuangalia? (Baba wa watatu, Kahama)

Marahaba kaka. Hii nimeiweka ya kwanza maana imenitoa jasho, na nilimpigia huyu baba palepale kabla hata sijafungua kompyuta, mtoto akapelekwa hospitali jioni ileile. Ila naandika kwa ajili ya wengine.

Kichaa cha mbwa jina linatudanganya. Ni kweli karibu watu wote wanaokufa na ugonjwa huu waliupata kwa mbwa, lakini paka naye anaupata na anauambukiza vizuri tu, na paka shume asiyejulikana kwao, anayepigana usiku kucha na kila kinachopita, huyo usimwamini. Virusi viko kwenye mate. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, tunabaki kumshika mkono tu, lakini kabla hazijaanza chanjo inafanya kazi sana, na kwa kawaida zinachukua wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu, wakati mwingine zinawahi zaidi, ndo maana hata siku ya 4 nenda, hata siku ya 10 nenda, usikae nyumbani ukasema muda umeshapita.

Ikitokea leo: bomba la maji na sabuni, osha dakika 15. Angalia saa, sio kwa kukadiria, maana dakika 15 za kumwosha mtoto anayelia ni ndefu kuliko mechi. Kisha spiriti au ayodini kama ipo. Tumbaku hapana, mafuta ya taa hapana, pilipili hapana, majivu hapana, na jeraha lisishonwe haraka haraka. Halafu kituo cha afya siku iyoiyo, chanjo ya kwanza inachomwa siku ya kwenda, nyingine siku ya 3, nyingine ya 7, na kuendelea kutegemea utaratibu wa kituo chenu, na kama jeraha limechimba kuna sindano nyingine ya kinga inayochomwa palepale kwenye kidonda. Uliza na pepopunda. Kama paka anafahamika na yupo, afungiwe aangaliwe siku 10, akibaki mzima hana shida yoyote daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Sasa watu wa mtaani wanakimbilia kumuua na kumtupa, na ushahidi unakwenda naye.

Ule uvimbe ni kesi nyingine tena. Jino la paka ni kama sindano, linaingia ndani linaacha kitundu kidogo juu ambacho kinaziba, bakteria waliokuwa mdomoni mwa paka wamebaki chini wanakula raha. Ndani ya saa 24 mkono unaweza ukawa umevimba, mwekundu, unapwita. Kwa iyo jeraha la paka mkononi au usoni kwa mtoto hata liwe dogo vipi ni la kumuona daktari, mara nyingi tunatoa antibayotiki mapema bila kusubiri usaha.

Habari dokta. Tuna kapaka kadogo wanangu walikaokota njiani. Sasa wa miaka 5 ametoka mabaka ya duara kichwani, nywele zinakatika, na mdogo wake ana duara moja shingoni. Mama mkwe anasema ni manyoya, nikatupe mbali, na eti akikoroma vile ana pumu ataambukiza watoto. Jirani ameniambia nipake maji ya betri. Nilinunua krimu dukani ikapoa wiki moja ikarudi kubwa. (Mama wa wawili, Mbagala)

Maji ya betri. Jamani. Dada yangu, ile ni asidi, inachoma ngozi ya mtoto na kovu analibeba mpaka harusini. Jirani mwambie nimemkataza mimi.

Hayo ni mashilingi, kichwani tunaita mapunye, ni fangasi. Na ni kweli kuna aina ya fangasi ambayo paka ndo mwenyeji wake, vitoto vya paka hasa, na paka anaweza kuwa nayo bila hata kuonekana baka. Lakini kabla hujamhukumu huyo mdogo nikuulize, kijana amenyolewa wapi mara ya mwisho? Mapunye mengi ya watoto wetu mtoto huyapata kwa mtoto mwenzie, kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa, kofia, kitana, taulo moja la nyumba nzima. Nimeona darasa zima lina mapunye na hakuna hata mmoja mwenye paka.

Krimu sasa, hapa ndo nataka tuelewane. Kuna tyubu zimejaa madukani zenye dawa tatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Ile steroidi ndo inayokupa furaha ya wiki moja, muwasho unaisha, wekundu unaisha, huku fangasi chini imepunguziwa ulinzi wa ngozi inatanuka taratibu, ukiacha inarudi na ndugu zake. Ndo iliyokupata. Na kwa kichwa hata krimu nzuri haifui dafu peke yake, kwa sababu fangasi imeingia ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki, mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini kwa mfano, wiki 6 hadi 8 na wakati mwingine zaidi, na inywewe na chakula chenye mafuta au maziwa ndo inanyonywa vizuri. Wengi wanaacha wiki ya pili wakiona nywele zinaanza kuota. Usiache. Lile la shingoni la mdogo wake ndo linatosha kwa krimu ya fangasi tupu, bila steroidi.

Na kama kichwa kikija kuvimba kikawa kama jipu laini linalotoa usaha, usikubali mtu akikate, wengi wanapasuliwa bure. Ni kichwa kimekasirikia fangasi, tiba ni ileile ya kumeza pamoja na nyingine daktari atakazoona.

Paka naye akaonwe na daktari wa mifugo atibiwe. Kochi, mashuka, zulia kavisafishe kweli, maana mbegu za fangasi zinakaa kwenye vitu miezi mingi, sakafu piga jiki iliyozimuliwa kwa maji (jiki usiichanganye na sabuni nyingine yoyote). Kwa wiki hizo chache watoto wasilale nae.

Kuhusu kukoroma, mfikishie mama salamu zangu umwambie kwa heshima kwamba paka akikoroma vile ameridhika tu, hana pumu, na pumu haiambukizi. Ila asiumbuke kabisa, ana robo ya ukweli: mtoto ambaye tayari ana pumu au aleji anaweza kubanwa akiwa na paka ndani. Kinachombana ni protini iliyoko kwenye mate na ngozi ya paka, anajilamba siku nzima, mate yanakaukia kwenye manyoya, yanapeperuka. Mtoto wa hivo paka asilale chumbani kwake, na kama kubanwa kunaendelea hapo ndo tutaongea habari za kumtafutia paka nyumba nyingine.

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, nimefuga paka miaka yote. Tumefundishwa paka si najisi, maji akiyaonja unatawadhia. Sasa nyinyi madaktari mkituambia paka ana maradhi si mnapingana na tuliyofundishwa? (Babu, Tanga)

Waaleikum salaam babu, shikamoo. Hatupingani hata kidogo. Twahara ni jambo moja, kijidudu ni jengine. Maji ya mto ni twahara, unatawadhia unaswali, lakini huyachoti ukampa mjukuu anywe bila kuchemsha. Na hata mimi sisemi paka ni mchafu, mwili wake anausafisha kuliko vijana wengi ninaowajua. Ninachosemea ni kinyesi chake, kucha zake na viroboto wake.

Daktari hujambo. Msichana wangu wa miaka 9 ametokea uvimbe kwapani saizi ya yai la kware, unauma ukiguswa. Tulienda kliniki moja wakasema labda ni TB, nyingine wakataja kansa, mke wangu halali. Mikono yake iko na mikwaruzo ya paka kila mahali, tuko na vitoto vya paka vinne. Inaweza kuwa hiyo? (Baba Msichana, Nakuru)

Sijambo kaka, na mke wako mwambie apumue kwanza. Inaweza kabisa kuwa hiyo. Kuna bakteria anaitwa bartonela, viroboto ndo wanamsambaza kati ya paka na paka, kinyesi cha kiroboto kinabaki kwenye manyoya na chini ya kucha, paka akimkwaruza mtoto anakuwa kama amemchanja. Paka mwenyewe haumwi, na vitoto vya chini ya mwaka ndo vinaongoza kwa sababu vina viroboto wengi na havijajua kucheza bila kutoa kucha.

Unavyokuja ni hivi: siku chache baada ya mkwaruzo kinatokea kipele kidogo palepale, hakuna anayekijali, halafu wiki moja mpaka tatu hivi tezi ya upande uleule inavimba, mkono ukikwaruzwa ni kwapa, uso ukikwaruzwa ni shingo. Homa kidogo, uchovu, kula kunapungua. Daktari wa watoto wa Paris, Robert Debré, aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1950, ila bakteria mwenyewe alikuja kutambulika miaka ya 1990, kwa hivo usishangae kama kliniki mbili hazikuufikiria. Kwetu tezi ikivimba akili inaenda TB, na sio makosa, TB ya tezi ipo nyingi. Mpime. Nachokuomba ni kitu kimoja, ukifika huko MTAJE PAKA. Daktari hana njia ya kujua kuhusu vitoto vinne kama hujamwambia, na mikwaruzo mtu anadhani ni ya miiba.

Mara nyingi unaisha wenyewe kwa wiki kadhaa hadi miezi, wakati mwingine daktari anatoa azithromaisini ili tezi ipungue upesi. Msikimbilie kuipasua. Ila mrudishe haraka kama homa inakaa zaidi ya wiki, anapungua uzito, jicho limekuwa jekundu, anachanganyikiwa au amepata degedege. Na mtoto ambaye kinga yake iko chini, mwenye VVU kwa mfano, huyo hatusubiri uishe wenyewe.

Vitoto vyenu vikatwe ncha za kucha (ile sehemu nyeupe tu, ile pinki ina damu) na vitibiwe viroboto. Hapo kuna jambo la kuua paka na nimeona watu wakilifanya kwa nia njema kabisa: dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ile ya viroboto vya mbwa, usimpake paka. Nyingi zina kemikali ambazo mwili wa paka hauwezi kuzivunja, atatetemeka mpaka afe. Nenda dukani sema "ya paka", na kama wanasema ni ileile tu, toka nenda duka jengine.

Dokta mwanangu miaka 6 anajikuna makalio usiku, nimeona vijinyuzi vyeupe. Paka analala nao. Ndo yeye? (Mama Junia, Morogoro)

Sio yeye! Hao minyoo nyuzi ni wa binadamu, paka hana, mtoto kawapata kwa mtoto mwenzie au kwa kucha zake mwenyewe. Familia nzima mnywe dawa siku moja, mrudie baada ya wiki mbili, kata kucha, badilisha mashuka, chupi kila asubuhi. Ila ukiona vitu bapa vinavyofanana na punje za mchele, vinasogea, mtoto au paka, hao ni tegu na wao ndo wanatoka kwa kiroboto wa paka aliyemezwa na mtoto. Inasikika kama mzaha lakini mtoto mdogo aliyekumbatia paka anameza mengi. Dawa ipo, ni nyepesi.

Mwanangu ana mstari mwekundu chini ya unyayo, unajipindapinda kama njia ya siafu na kila siku umesogea. Unamuwasha halali. Huku kwetu paka ni wengi kushinda watu, ufukweni wamejaa. (Mama, Lamu)

Mama wa Lamu huu mstari wako ndo umenipa kichwa cha habari cha leo. Huyo ni kiluwiluwi cha minyoo wa safura wa paka au mbwa. Paka amejisaidia kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, mayai yameanguliwa, mtoto amepita peku, kiluwiluwi kimetoboa ngozi kikaingia. Bahati nzuri kimepotea njia, ngozi ya mtu sio ya paka, hakiwezi kwenda ndani, kinabaki kinazunguka juujuu kinatafuta mlango mpaka kinakufa baada ya wiki kadhaa. Lakini msisubiri, muwasho wake ni mateso na akijikuna anapata vidonda. Albendazoli au ivermektini, kwa uzito wa mtoto, atakupimia kituoni. Msikichimbue kwa sindano, kwa sababu kichwa cha mdudu kimeshatangulia mbele ya mwisho wa mstari, unachimba nyumba tupu.

Na ufukweni ni nusu ya hadithi, hata walio bara sikilizeni. Tembea mtaa wowote wenye nyumba inayojengwa, nje kuna lundo la mchanga, mchana watoto wanapika chapati za udongo pale, usiku ndo choo cha paka wa mtaa mzima. Paka anapenda mchanga laini, unachimbika. Mle kuna mayai ya minyoo mingine ya paka ambayo yakimezwa na mtoto yanaanguliwa, kisha viluwiluwi vinazurura mwilini, ini, mapafu, na mara chache jicho, na jicho likishaguswa linaweza kupoteza kuona. Mayai yale yakiwa mabichi hayana nguvu, yanahitaji wiki mbili tatu kwenye udongo ndo yanaiva. Kwa iyo paka aliyelala mapajani mwa mtoto sio tishio, tishio ni lile lundo mlilolizoea tangu mwaka jana. Lifunikeni turubai jioni, na paka apewe dawa ya minyoo, vitoto vyake mapema zaidi na mara kwa mara kuliko mkubwa. Mtoto anayekula udongo mwambie daktari, tunapima na damu yake.

Nina mimba ya miezi 3 na paka wawili. Wifi yangu kaniambia mtoto atazaliwa kipofu, nimeanza kuwafukuza na ufagio. Nakosa raha. (Mama mtarajiwa, Zanzibar)

Weka ufagio chini. Anachokisema wifi kinaitwa toksoplazma, kijidudu kilichogunduliwa Tunis mwaka 1908 kwa mnyama mdogo kama panya, na ni kweli mama akiambukizwa kwa MARA YA KWANZA akiwa na mimba kinaweza kumfikia mtoto tumboni kikaathiri macho na ubongo. Lakini hebu tazama kinavyokwenda. Paka akiambukizwa, mara nyingi kwa kula panya au nyama mbichi, anatoa mayai kwenye kinyesi wiki moja hadi tatu hivi, kisha kwa kawaida basi. Na kinyesi kikiwa kipya hakiambukizi, mayai yanahitaji siku 1 hadi 5 ndo yawe na nguvu. Kwa iyo sanduku la paka likimwagwa kila siku, tena na mumeo au huyo wifi yako mwenye wasiwasi, umeshafunga mlango mmoja. Usiwape nyama mbichi.

Mlango wa pili ndo wanaousahau wote: jikoni. Mishkaki ambayo katikati bado nyekundu, kuonja nyama ikiwa mbichi, ubao uleule uliokatia nyama unakatia kachumbari, mboga za majani zilizosuuzwa mara moja. Unaweza usiwe na paka hata mmoja ukaipata huko. Kwa bustani vaa glavu. Kliniki waulize kama wanacho kipimo cha damu, kama uliwahi kuipata zamani mara nyingi una kinga na mtoto yuko salama. Kumpapasa paka endelea, kisha nawa kabla ya kula.

Dokta swali dogo. Paka wetu ana homa, pua ya moto, hali. Watoto wanalia. Nimpe panadoli ya mtoto nusu kijiko? (Mama Kheri, Mwanza)

HAPANA. Nimeijibu hii kwa meseji na naiandika tena hapa. Parasetamoli kwa paka ni sumu, hata kile kiasi kidogo unachompa mtoto mchanga, ini lake halina uwezo wa kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka wa bluu. Kama umeshampa mkimbize kwa daktari wa mifugo sasa hivi na uende na chupa. Kama hujampa, mpeleke pia, kutokula siku mbili kwa paka sio jambo dogo, na iyo sirapu irudishe juu ya kabati ambako watoto hawafiki, maana najua kwa huruma waliyonayo watajaribu wenyewe.